Mkate Uliovuka Reli

3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa katika barua yako ya mwisho ulisahau kuniamkia. Sisi hatujambo. Shemeji yako mgongo bado unamtesa. Akitaka kuinuka kitini lazima kwanza atangaze. Shangazi kule ng'ambo ya reli amebakiwa na meno manne, na anayasifia kama watoto waliofaulu mtihani. Kila Ijumaa nampelekea mkate laini. Zamani nilikuwa nakatisha tu relini, sasa nazunguka kwa daraja la juu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Watu wa reli wameweka uzio. Ule upenyo mbele ya duka langu, ambao watu walikuwa wakipita tangu tukiwa watoto, umezibwa kwa wavu wa chuma toka stesheni mpaka darajani. Nusu ya wateja wangu walikuwa wa ng'ambo. Unajua kuliko mimi, maana ndiwe uliyenisomea mkataba wa Kampuni ya mikate siku ile tulipokwenda kutia saini: eneo langu linaishia relini. Siruhusiwi kupeleka mkate ng'ambo, wala kutuma mtu, wala kubandika tangazo. Ila kifungu cha tisa kinasema anayekuja mwenyewe kwa miguu yake nimuuzie, nisimwulize anatoka wapi. Miaka minane nimekula na kulala kwa kifungu hicho.

Sasa wanakuja kwa miguu yao lakini wanaishia nyuma ya wavu. Ningefanya nini? Niwafunge mdomo? Tundu la wavu linapitisha mkate ukiubana kidogo. Wiki tatu nikauza hivyo, miguu huku, mkono ng'ambo. Jumatatu akaja mkaguzi wa Kampuni. Sisi tunamwita Pindua, kwa sababu hasalimii mtu kabla hajapindua mkate kuutazama tako. Tini zetu za kuokea zimechongwa namba ya duka, kwa hiyo kila mkate wangu umekaa juu ya 14. Akasema 14 imeonekana ng'ambo, na mwenye eneo lile amelalamika. Nikamuuliza mwenye eneo yupi, na miaka yote hii hakuna tanuri lililowashwa kule? Akasema jina ni siri ya ofisi.

Hilo ni lalamiko la kwanza. Yakifika matatu ndani ya mwaka wanashusha bango, wanabeba tini, na kwa miaka miwili siruhusiwi kuoka mkate wa kuuza, huku wala ng'ambo wala popote. Nina miaka hamsini na mbili na mikono hii haijui kitu kingine. Bwana Kifungu, wewe ndiye msomi wetu. Nifanyeje? Na huyo mtu ni nani?

Dada yako


27 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ila kikohozi cha vumbi la matairi hakiniachi. Kazi ni nyingi. Unajua meneja hana saa ya kutoka. Chumba changu ni kilekile juu ya ghala, na dirisha bado linatazama ukuta. Mpe pole shemeji. Mwambie asilale kitanda laini.

Kuhusu jambo lako, nakushauri uache mara moja. Mkataba ni mkataba. Kifungu cha tisa kinamhusu mteja anayeingia dukani, si anayesimama nje ya eneo ukamnyooshea mkono. Mkono ukivuka, duka limevuka. Wauzie wa upande wako, nao watakutosha. Mwenye eneo ana haki yake hata kama hajawasha tanuri. Huenda ana mipango yake. Kila mtu na majira yake.

Nisalimie shangazi.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu la swali langu la pili, sikuliona. Nimemsomea na shemeji yako, akasema labda ukurasa mmoja umeanguka njiani.

Uzio niliuacha siku ileile. Watu wakija wananiita, nami nageuza uso kama nisiyesikia. Mama mmoja aliyezoea kununua kwangu tangu ana mimba ya kwanza alishika wavu kwa mikono miwili akaniuliza, "Tumekukosea nini?" Niliingia ndani nikakanda unga usiohitaji kukandwa. Wa upande wangu hawanitoshi, tena wewe unajua, ulikulia hapa. Upande huu ni maghala na karakana. Watu wanalala ng'ambo.

Sasa sikia la pili. Ijumaa iliyopita nimefika kwa shangazi, nimeweka mkate mezani, sijavua hata kanga, hodi. Pindua! Akaupindua mkate wa shangazi mbele ya shangazi mwenyewe. Nikamwambia huu si biashara, huyu ndiye aliyetulea mama alipofariki, na huo mkate ni zawadi. Akasema fomu imeandikwa wazi: "kila Ijumaa, nyumba yenye mlango wa buluu nyuma ya zahanati." Shangazi akamwambia, "Baba, kama ni wako uchukue, ila uniachie sehemu ya ndani, ya juu siwezi kutafuna." Hata hakucheka. Akaandika lalamiko la pili.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Watu wa kule hawajui siku zangu. Mimi naingia kwa shangazi kwa uchochoro. Na kuna kitu kingine. Pindua, alipokuwa anafunga mkoba, akaropoka kwamba ng'ambo ni namba 15. Yangu ni 14. Namba hizi zinatolewa kwa mfuatano, mtu akitoka mezani anaingia mwingine. Siku ile tuliyokwenda kutia saini, kwenye lile benchi refu, tulikuwa wangapi? Mimi kumbukumbu yangu imejaa hamira. Wewe ulikuwa na akili ya kukumbuka. Nikumbushe.

Dada yako


9 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo sana. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa tunapokea mzigo. Nimemtumia shemeji dawa ya kuchua kwa dereva wa lori letu. Ipashwe moto kidogo kabla ya kupaka. Nimemnunulia shangazi shali, itafuata.

Nimeumia kusikia la pili. Kweli nimeumia. Lakini dada, hata zawadi inahesabika ikiwa ina namba. Tafadhali acha. Usipeleke chochote ng'ambo, usimtumie mtu, mpaka mwaka uishe na hayo mawili yafutike. Miezi itapita tu.

Siku ile ya benchi siikumbuki vizuri. Nadhani walikuwapo watu wengi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na ahsante kwa dawa. Shemeji yako amepaka, amelia, amesema inafanya kazi. Shali imefika. Shangazi ameivaa mpaka kulala, na akaniagiza nikuulize utarudi lini, maana anataka akuone kabla meno hayajaisha. Nikamwambia mameneja hawana nafasi.

Nina habari njema. Nimepata njia! Unamjua dobi wa hapa nyuma, yule mwenye sauti ya kanisani. Kila Jumanne anapeleka mashuka ya zahanati ng'ambo, kwa kikapu kile kikubwa cha magurudumu, kupitia daraja la juu. Basi chini ya mashuka napanga mikate yangu arobaini, naifunika, anakwenda. Jiko la zahanati linaipokea kwa mlango wa nyuma. Nani atapekua mashuka ya wagonjwa? Wiki ya tatu leo na hakuna aliyenusa.

Nakwambia wewe tu. Hata shemeji yako hajui, anadhani naoka zaidi kwa sababu ya karakana mpya. Uichome barua hii ukishaisoma.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Usiniandikie tena habari za mkate.

Niandikie mgongo wa shemeji, niandikie meno ya shangazi, niandikie nani kaoa na nani kagombana. Lakini mkate unapopita, na siku, na kikapu, usiniambie. Nakuomba kwa jina la mama. Na hiyo Jumanne acha. Ukipata barua hii kabla ya Jumanne, acha.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko wazima wote. Barua yako imefika siku mbili baada ya Jumanne.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa. Dobi alikuwa katikati ya daraja, anaimba zake. Pindua akamsimamisha, safari hii na wenzake wawili na fomu mkononi. "Shusha kikapu." Akashusha. "Toa mashuka." Akatoa, moja moja, mashuka thelathini na mawili, yakawekwa juu ya vyuma vya daraja mbele ya watu waliokuwa wanatoka kazini. Wakafika chini kabisa ya kikapu. Hapakuwa na mkate. Hapakuwa na hata chembe. Hapakuwahi kuwa na mkate, mdogo wangu, si Jumanne ile wala nyingine yoyote. Tangu Machi sijavusha hata kipande. Shangazi namwokea mkate wa sufuria kulekule nyumbani kwake. Unainuka upande mmoja ukalala upande wa pili, lakini hauna tako la kuchunguzwa.

Kikapu kile nilikitunga nikiwa nimekaa kwenye gunia la unga, nikakuandikia wewe peke yako. Nilitaka kujua. Hapana, nilikwisha kujua, tangu lile la mlango wa buluu. Nilitaka nikosee. Kila Jumanne nilikuwa nasimama mlangoni namtazama dobi anapanda daraja, naomba apite salama, ili nije nikuombe radhi moyoni bila wewe kujua. Jumanne tano alipita, nikaanza kukusifu kwa shemeji yako. Ya sita hakupita.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinakuja kwa posta, na stempu juu.

Dobi hasemi nami. Alinyang'anywa heshima yake darajani kwa jambo asilolijua, na aliyemfanya chambo ni mimi, si wewe. Hilo ni langu, nitalibeba.

Sasa iliyobaki uisikie kwangu kabla ya ofisi. Kuna kifungu cha ishirini na mbili. Hicho siku ile hukunisomea. Kinasema mwenye eneo ambaye hajawasha tanuri, akileta lalamiko lisilothibitika, ananyang'anywa eneo. Namba 15 haina mwenyewe tangu Jumatano. Nakuapia kaburi la mama, sikukijua kifungu hicho. Nilitaka jina tu.

Miaka minane. Tulikaa benchi moja, mvua inanyesha kama ulivyosema, na watu wengi hawakuwapo. Tulikuwa wawili. Nilipokwenda msalani ndipo ulipotia saini yako?

Dada yako


7 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Ndiyo, ulipokwenda msalani. Karani aliuliza kama kuna anayetaka ng'ambo, kwa sababu bado ilikuwa wazi. Nilikuwa na sehemu yangu ya pesa za kiwanja cha baba mfukoni, ile niliyowaambia ni ya masomo. Niliona picha moja tu: wewe huku, mimi kule, tunapungiana mikono kuvuka reli. Nilitaka nikushtue siku tanuri langu likiwaka. Ndiyo sababu sikusema. Mara ya kwanza kunyamaza kulikuwa ni furaha.

Halafu pesa ya tanuri haikupatikana, nikaja huku kuitafuta. Dada, mimi si meneja. Sijawahi kuwa. Nahesabu matairi yanayoingia na yanayotoka, na jioni napanda ngazi naingia chumba chenye dirisha la kutazama ukuta. Kila mwaka Kampuni inaniandikia: je, bado unalitaka eneo? Nami kila mwaka nasaini ndiyo. Ni karatasi pekee duniani yenye jina langu na neno "mwenye". Nikilala nalipanga duka lile, meza huku, rafu kule. Nimelipanga miaka minane.

Mwanzo wa mwaka wakaandika kwamba 14 imeingia eneo langu, nisipolalamika ndani ya siku thelathini nitahesabiwa nimeliacha. Nikasaini. Nilijidanganya kuwa la kwanza ni onyo tu. Wakaandika tena, fomu ikauliza: bidhaa inaingia kwa njia gani? Sikuwa na cha kuandika ila ulichoniandikia. Nikaandika. Ya kikapu niliitia kwenye sanduku la posta asubuhi, nikarudi ghalani, sikuweza kuhesabu. Jioni nikakuandikia ile barua ya kukusihi. Nilitumaini itaitangulia fomu. Upumbavu huo wa mtu mzima, kushindanisha bahasha mbili.

Kama lalamiko lile lingethibitika ungefungiwa miaka miwili, na mimi ningebaki na ng'ambo isiyo na tanuri. Nilijua hivyo na nikatia saini.

Usimwambie shangazi.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Shemeji yako ameanza kutembea bila kutangaza. Dobi alipita jana, akaweka kikapu chini mlangoni, akasema, "Nipe mkate, niuone mwenyewe kwa macho." Nikampa. Hajacheka, lakini ameununua. Shangazi nimemwambia, kwa sababu mimi siyo wewe. Aliuliza, "Kwa hiyo mtoto analala wapi?" Hilo tu ndilo lililomuumiza, kwamba dirisha lako linatazama ukuta.

Wiki iliyopita Kampuni waliniita. Yale malalamiko mawili hayafutiki, yananikalia mpaka mwakani. Lakini wakasema ng'ambo iko wazi, na mwenye magari matatu ya kusambazia mikate anaitaka. Huyo akiingia, mteja wangu akikohoa tu karibu na uzio nitaandikiwa la tatu. Au niichukue mimi. Nikauliza masharti. Tanuri liwake ndani ya siku tisini. Anayelisimamia alale ng'ambo, na asiwe mfanyakazi wa 14. Mikate ya huku isiuzwe kule, ya kule isiuzwe huku, hata kama mwenye maeneo yote mawili ni mtu mmoja. Na nikishindwa moja ya hayo, yanakwenda yote mawili.

Nilikaa kwenye benchi lilelile, mvua hakuna, nikaona jinsi walivyonipanulia zizi badala ya kunifungulia. Zamani nilikuwa naogopa upande mmoja wa reli, sasa nitaogopa pande mbili. Nikatia saini. Tanuri kuukuu la binamu wa shemeji yako linatengenezwa, nyumba ya shangazi ina chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama reli. Tini zimefika zikiwa zimechongwa 15. Nimezipaka mafuta mwenyewe. Zimepangwa chini ya meza na hakuna mkono wa kuzijaza.

Shemeji yako hawezi kuinama. Shangazi hawezi kusimama. Wa kumwamini kwa mkate sina, na nilipotafuta kichwani mtu anayejua meza ikae wapi na rafu ikae wapi katika duka ambalo bado halijawa duka, akanijia mmoja tu.

Usielewe vibaya. Sijakusamehe. Nakuhitaji, hivyo ni vitu viwili. Kuna asubuhi nakanda unga nikikukumbuka na donge linapata kipigo kisicho chake. Utaoka kule, mimi nitaoka huku, na kwa mujibu wa mkataba hatutaruhusiwa hata kuazimana hamira. Huenda ni vizuri hivyo kwa mwanzo.

Siku sabini na tisa zimebaki. Basi linalotoka huko linashusha watu upande wa ng'ambo, mlangoni kwa zahanati, kwa hiyo utafika na kuliona duka langu mbele yako, hatua ishirini, na wavu katikati. Usiniite kutoka pale. Usipitishe mkono, nami sitapitisha wangu. Zunguka kwa daraja, saa nzima, na mizigo yako mgongoni, uje uingie kwa mlango.

Anayekuja mwenyewe kwa miguu yake siruhusiwi kumfukuza.

Dada yako